Njaa ya Paka: Kumzuia Chakula ni Dhulma au ni Rehema?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila chenye roho akakigawia riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu msomaji, katika karatasi zetu hizi tumezoea kujibu masuala ya sala na saumu, ya ndoa na mirathi. Suala la leo ni la paka. Mwenye kutaka kucheka asifanye haraka, kwani mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka, na habari yake imo katika vitabu viwili vilivyo sahihi kupita vyote vya hadithi. Jambo lililompeleka mtu Motoni si dogo, hata likiwa na miguu minne na mkia.

SUALA

Ndugu yetu mmoja, mkaazi wa Kiponda katika Mji Mkongwe wa Unguja, ametuletea barua. Asema kwamba ana paka dume aliyekaa naye miaka tisa, naye hatoki nje. Alikuwa akimlisha kama wengi wetu tuwalishavyo: wali uliobaki, boflo lililochovywa katika maziwa, na vichwa vya samaki. Paka akanenepa hata asiweze kurukia dirisha. Kisha akaanza kunywa maji mno na kukojoa mno; akawa ala sana na huku akikonda, na miguu yake ya nyuma ikalegea. Daktari wa wanyama akampima damu na mkojo, akasema: haya ni maradhi ya sukari, yale yale yanayowapata watu.

Basi akawa akimpiga sindano ya insulini mara mbili kila siku, baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, na chakula chake kikabadilishwa. Haikupita miezi mitatu ila sukari ikarudi katika kadiri yake, na sindano zikasimamishwa. Daktari akamwambia: "Maradhi yamelala, hayakufa. Mpe chakula kwa kipimo, wala usimrudishie wali na mkate."

"Sasa, maalim," aandika ndugu yetu, "paka huyu haachi kulia. Hulia kabla ya adhana, hunisimamia kifuani nami nimelala, na amepata kupasua mfuko wa unga kwa kucha zake. Mama yangu, naye ni mtu mzima, huniambia: Mwanangu, naiogopea akhera yako, usije ukawa kama yule mwanamke. Na jirani husema kwamba paka wa barazani wana raha kumshinda wangu. Nami usiku nikikisikia kilio kile moyo hunipapa. Je, nina dhambi?"

JAWABU

Kwanza twasema: hofu hii ni njema, wala haimpasi mtu kuiona aibu. Moyo usiopapa kwa kilio cha kiumbe asiyeweza kusema umekwisha kufa. Walakini hofu yataka elimu, kwani mwenye hofu bila ya elimu hukimbia huku na huku, na pengine hukimbilia kwenye shimo alilokuwa akilikimbia.

Tuitazame hadithi yenyewe. Mtume (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachilia akajitafutia wadudu wa ardhini. Zingatia, ndugu yangu, kwamba mambo yaliyotajwa ni mawili pamoja. Mwanamke yule alikuwa na milango miwili mikononi mwake: mlango wa kumlisha na mlango wa kumwacha aende zake. Akaifunga yote miwili, kisha akakaa. Lau angaliufungua mmoja, paka angaliishi. Dhambi yake, basi, ni kwamba alimtwalia kiumbe uwezo wake wa kujitafutia, wala asiweke badala yake kitu chochote.

Katika jambo hili imetokea kanuni. Paka wa Darajani auzungukaye mnada wa samaki, au alalaye mchana juu ya baraza na usiku akashuka Forodhani kwenye mishikaki, riziki yake iko mbele yake, na mpitaji akimpa hupata thawabu. Ama paka aliyefungiwa ndani, riziki yake imo mkononi mwa aliyefunga mlango. Kila unavyozidi kuushika ufunguo, ndivyo haki ya aliye ndani inavyozidi kuwa juu yako. Kwa hiyo jirani anayelinganisha paka wa barazani na paka wa ndani amelinganisha vitu viwili visivyolingana. Wa barazani hakuna aliyemfunga. Wa ndani ana bwana wa kuulizwa.

Wala haki hii si ya huruma tupu, bali ni ya sharia. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa zetu za Kishafii, ametaja kuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumpa malisho na maji, na kwamba akikataa hulazimishwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, amezihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu, na katika hizo ametaja kwamba mtu atamgharimia mnyama wake hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena. Mgonjwa huyu wa Kiponda, basi, amekwisha kuandikiwa haki yake miaka mia saba na zaidi kabla ya kuzaliwa.

Sasa lililobaki ni kujua: haki ya mgonjwa ni ipi? Ni kile anacholilia, au ni kile kitakachomfaa?

Ili tujibu, hatuna budi kuyajua maradhi yenyewe. Mwili wa mwenye sukari ni kama nyumba ambayo ghala yake imejaa mchele, na ufunguo umepotea. Watu wa nyumba walia njaa na chakula kimo ukutani. Insulini ndiyo ufunguo. Ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hujaa katika damu wala haiingii katika nyama za mwili. Ndiyo sababu mgonjwa hula na kukonda. Tena paka ameumbwa mla nyama. Panya amlaye ana nyama na mafuta na maji, na wanga ndani yake ni kidogo mno. Ukimlisha wali na mkate miaka mingi na huku amekaa tu, umempakia mzigo asioumbiwa. Sisemi kwamba hadithi ya yule mwanamke imekuja kufundisha utabibu, lakini riziki iliyotajwa humo ni ile ambayo paka angejiwindia mwenyewe. Sisi ndio tuliomzoeza boflo.

Kwa hiyo anayemrudishia paka yule sahani ya wali kwa sababu amelia hakumpa haki yake. Amempa kilio cha leo kinyamaze, na amemnunulia sindano za kesho, au kifo. Hapa kumzuia ni sehemu ya kumlisha.

Walakini usifurahi upesi, ewe mwenye paka. Neno hili ni kali kwa pande mbili, na wengi wakilisikia huligeuza likawa hoja ya uvivu na uchoyo. Mtu husema, "Namzuia kwa faida yake," kisha akalala usingizi mwema. Yataka tujue mpaka.

Kabla ya insulini kupatikana, matabibu hawakuwa na dawa ya sukari iliyo bora kuliko njaa. Huko Marekani daktari mmoja mashuhuri, Frederick Allen, aliwatibu wagonjwa kwa kuwapunguzia chakula hata wakabaki mifupa na ngozi, ili waongezewe miezi au miaka ya uhai. Yamesimuliwa ya mtoto mmoja, kipofu, aliyekuwa chini ya tiba hiyo: sukari ikawa haishuki, na watu hawajui apata wapi chakula, mpaka ikadhihiri kwamba alikuwa akila chakula cha ndege aliyekuwamo kifungoni, na dawa ya kusafishia meno. Basi mwaka 1921 katika mji wa Toronto, Banting na Best wakaipata insulini kwa kufanya majaribio juu ya mbwa, na mwezi wa Januari mwaka 1922 akapigwa sindano kijana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa kwayo. Tangu siku ile njaa kali ya namna ile ikakosa udhuru. Tusisahau pia kwamba ufunguo huu tumeupata kwa roho za mbwa. Deni hilo kwa wanyama halijalipwa.

Nini mafunzo yake? Mafakihi wamekwisha kuyasema: lililohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura. Daktari yule alikuwa na udhuru madhali hakuna njia nyingine; ilipopatikana njia, udhuru ukaondoka. Kadhalika wewe: njaa unayomwachia paka wako imeruhusiwa kwa kadiri tu ambayo hakuna njia ya kuipunguza. Kila chembe ya njaa uwezayo kuiondoa bila ya kumdhuru, kisha usiiondoe, hiyo si dawa tena. Hiyo ni dhulma yako.

Na jambo hili ni zito zaidi kwa paka kuliko kwa mtu. Imam Ghazali katika Ihyaa ameandika kitabu kizima katika kuvunja matamanio ya tumbo na ya tupu, akaisifu njaa kwa mwenye kutaka kuitengeneza nafsi yake. Lakini njaa ile ina nia. Mwenye kufunga Ramadhani ana njaa na ana neno la kujiambia: nafanya haya kwa ajili ya Mola wangu, na jua likichwa nitakula. Paka hana nia, hana ahadi, wala hajui kwamba jua litakuchwa. Ukimnyima, yeye haoni dawa. Aona sahani tupu na mtu aliyekuwa akimpenda. Njaa yake ni uchungu mtupu usio na thawabu. Kwa kuwa yeye hawezi kuibeba maana ya njaa ile, maana yote iko juu ya shingo yako. Wewe ndiye utakayeulizwa kwa nini.

KILIO KINA SABABU

Katika habari za wanavyuoni yumo Ibn Babashadh, mwanachuoni wa nahau wa Misri, aliyekufa mwaka 469 wa Hijra. Wamesimulia kwamba alikuwa akila na wenzake juu ya dari ya msikiti. Akaja paka, wakampa tonge. Akaichukua akaenda zake, kisha akarudi. Wakampa tena, akaenda, akarudi, mara nyingi. Wakastaajabu, kwani paka mmoja hawezi kula chakula kile chote. Wakamfuata, wakamkuta akimpelekea paka mwingine kipofu aliyejificha mahali palipoharibika. Sheikh akaingiwa na mazingatio makubwa, akaiacha kazi yake ya diwani akamtegemea Mola wake.

Lau wangalimwita mlafi wakamfukuza, wasingaliijua siri ile. Nami nakwambia: paka aombaye bila ya kukoma usimwite mlafi kabla ya kumfuata. Pengine maradhi yaliyolala yameamka, kwani wako miongoni mwa waliopona wanaorejewa. Pengine ana minyoo. Pengine tezi ya shingoni imezidi kufanya kazi, nayo hukondesha na kutia njaa, hasa kwa paka wazee. Pengine matumbo hayachukui nguvu ya chakula, au apewa dawa inayoongeza njaa. Pengine kipimo ulichopewa kilikuwa cha siku zile na sasa ni kidogo kwake, na mwili wake wataka kurudisha nyama uliyoipoteza. Na pengine ni mazoea tu: alilia miezi mingi kwa njaa ya kweli akajibiwa, basi ulimi umebaki na desturi baada ya tumbo kushiba. Haya yote yana sauti moja. Masikio yako hayawezi kuyabagua. Mizani na damu ndizo zibaguazo.

Kwa hiyo, ewe ndugu yetu wa Kiponda, haya ndiyo yaliyokupasa:

Kwanza, mrudishe kwa daktari apimwe, umweleze habari ya kilio. Na kila wiki mtie ndani ya kikapu umpime kwa mizani, uandike. Akikonda na huku analia, haki iko upande wake. Akinywa maji mno tena, usingoje.

Pili, mzuie aina kabla ya kumzuia kiasi. Wali, mkate, unga na maziwa matamu viondoke. Badala yake mpe nyama ya kuku na samaki waliochemshwa bila chumvi, bila nazi, bila vitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake. Au chakula cha paka cha kopo chenye nyama na wanga haba. Samaki mbichi peke yake kila siku hamfai. Mzidishie maji katika chakula chake, tumbo lijae na sukari isipande.

Tatu, kipimo kile kile cha siku kigawe mafungu matano au sita. Paka kwa maumbile yake huwinda kidogo kidogo mchana na usiku. Kumpa mara moja kwa siku ni desturi yetu, si yake. Fungu moja liwe la mwisho kabla hujalala. Wala usimpe kwa sababu ya kilio cha alfajiri. Mpe baada ya kurudi kutoka msikitini, amekwisha nyamaza, ili asijifunze kwamba kilio ndicho kifunguacho kabati.

Nne, usimkatie chakula kwa ghafula ukasema wamkondesha. Paka mnene akikaa siku chache hali, ini lake huingia mafuta na huweza kufa.

Tano, ikiwa imebaki chupa ya insulini nyumbani, usimpige sindano kwa kudhani tu kwamba sukari imerudi. Ikiwa haikurudi, sindano itaishusha mpaka apigwe na kifafa na kufa.

Sita, mpe kisichokuwa chakula. Kaa naye, msugue, mvutie kamba akimbie. Baadhi ya kilio chake ni cha upweke wa aliyefungiwa, na upweke haushibi kwa samaki.

Saba, nyumba nzima iwe na neno moja. Mkono mmoja ukipima na wa pili ukitia wali kwa siri, hakuna dawa iliyobaki, na paka hujua ni mkono gani wa kulilia.

TUNAMLISHA NANI?

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike karatasi hii.

Nilikuwa na ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na maradhi ya sukari. Alipozidiwa nilikuwa nikimwangalia mimi. Kila jioni baada ya Isha akiniomba halua kwa sauti ya unyonge, yeye aliyenilea na kunisomesha. Mara ya kwanza na ya pili nilikataa. Kisha nikawa nampa kipande, na nikijiambia kwamba ni heshima, kwamba mzee hanyimwi, kwamba amebakiwa na siku ngapi. Akatokwa na kidonda cha mguu, na mguu ukakatwa, na baada ya mwaka akafa. Sisemi kwamba kipande kile cha halua ndicho kilichomkata mguu. Maradhi yana njia nyingi, na ajali i mkononi mwa Mungu. Lakini najua jambo moja, na nitaulizwa kwalo: nilipokuwa nikimpa sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikitaka sauti ile ikome. Halua ile aliila yeye, na aliyeshibishwa nilikuwa mimi.

Ewe ndugu Mwislamu, jipime kwa kipimo hiki. Unapotoa kwa sababu ya kilio, jiulize: njaa ya nani naishibisha? Ukiwa wamtazama mwenye kulia, utauliza ana nini, utapima, utakwenda kwa tabibu, utaamka usiku. Na baada ya hayo huenda ukampa, huenda ukamzuia. Ukiwa wajitazama nafsi yako, utatupa tonge ugeuke ulale, au utafunga mlango usisikie. Hivi viwili vyaonekana vimekhitilafiana, mmoja ametoa na mmoja amenyima, na kwa hakika ni ndugu: wote wawili wametaka kimya.

Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari akamkuta ngamia aliyemlilia na macho yakitoka machozi. Akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza ni wa nani. Alipokuja mwenyewe akamwonya amche Mungu katika mnyama aliyemmilikishwa, kwani ngamia amemshitakia kwamba amtia njaa na kumchosha. Tazama mpango wake: kwanza aliukaribia uchungu na kuugusa kwa mkono, kisha akaitafuta sababu, kisha akamwendea mwenye ufunguo. Huo ndio mwendo wa rehema.

KHATIMA

Basi jawabu letu ni hili. Ikiwa umeijua sababu, ukapunguza njaa kwa kila njia uwezayo, na kilichobaki ni kile kisichoondoleka bila ya kumdhuru, huna dhambi, na kukesha kwako na kilio kile twataraji ni katika thawabu, kwani katika kila chenye ini lenye uhai mna ujira. Ama ikiwa wamzuia kwa sababu umeambiwa tu mara moja, na hujampima tangu siku ile, na kilio umekwisha kukizoea, basi hofu ya mama yako ni ya haki, nawe isikilize.

Mama yako mbusu mkono, umwambie hadithi aliyokukumbusha ni ya kweli na ndiyo iliyokuzuia kumrudishia wali. Ukitaka kumtuliza, mpe yeye kazi ya kugawa fungu la adhuhuri, kwa kipimo. Mwenye huruma akipewa mizani huwa mlinzi bora kuliko sote. Na jirani mwambie atie maji katika bakuli pale barazani, kwani wale nao wana haki, na jua la Unguja ni kali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusikia kilio kabla ya kukijibu. Wallahu aalam.